Skrini iliyogawanywa ni nini, na kwa nini gemu za bunduki zinaikwepa

Ingia kibanda chochote cha PS mtaani, utakuta wawili wamebanana benchi moja, kila mmoja na pedi yake, wanacheza mpira kwenye TV moja. Hakuna anayeuliza picha yake iko wapi. Uwanja ni mmoja, kamera iko juu kama ya jukwaani, wote wanafuata mpira uleule. Sasa weka gemu ya bunduki, ile unayoona kwa macho ya mhusika na chini ya kioo inajitokeza mikono yake tu. Hapo kamera imekuwa jicho la mtu. Wa pili akitaka kuingia, naye lazima apewe jicho lake, na TV ni ileile moja. Dawa yake ndiyo skrini iliyogawanywa: kioo kinakatwa vipande viwili hadi vinne, na kila kipande kinaonyesha anachokiona mchezaji mmoja.

Iliyoifanya ipendwe kwenye gemu za bunduki ni GoldenEye 007, iliyotoka 1997 kwa Nintendo 64, mashine yenye matundu manne ya pedi na kumbukumbu ya MB 4. Wanne wakianza kulipuana, picha ilikuwa ikijikokota, lakini nani alijali? Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kuchungulia: adui amejificha nyuma ya mlango, wewe unatupia jicho kona yake ya kioo, umeshajua alipo. Halo, nayo gemu ya bunduki, ilipokuja na mashine ya Xbox mwaka 2001, wawili waliweza kucheza hadithi yote pamoja kwenye mashine moja, na wanne kupambana wao kwa wao.

Mashine za leo zina nguvu maradufu mara nyingi, na bado skrini ya kugawana imebanwa. Wengi hushangaa: kama kioo ni kilekile na nukta za picha ni zilezile, kazi imeongezekea wapi? Kweli, nukta haziongezeki. Kinachoongezeka ni macho. Kabla ya kuchora picha moja, mashine inapaswa kujua kipi kinaonekana kutoka pale ulipo, kipi kimefichwa na ukuta, vivuli vinaangukia wapi, na adui aliye mbali achorwe kwa undani gani. Ukimleta mwenzako, sehemu kubwa ya kazi hiyo inarudiwa upya kwa ajili yake. Gemu ikiwa inakimbia kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60, kila fremu ina muda wa milisekunde 16.7 tu, na macho yote mawili yanagawana muda huo huo.

Halafu kuna kumbukumbu. Ulimwengu wa gemu za siku hizi ni mkubwa, haupakiwi wote kwa mpigo. Mashine hupakia vitu vilivyo karibu nawe na kuacha vya mbali. Wewe ukienda mlimani na mwenzako akabaki bondeni, yapakiwe mazingira mawili. Halo ya kwanza ilikuwa na ujanja wake: aliyetangulia akifika sehemu mpya, aliyeachwa nyuma ananyakuliwa na kutua pembeni yake. Kwenye njia nyembamba unakubalika. Kwenye ulimwengu wa wazi unakera, maana raha yenyewe ni kila mtu kwenda anakotaka.

Mfano mzuri wa kumbukumbu si gemu ya bunduki hata kidogo, ni Baldur's Gate 3, gemu ya kuigiza wahusika. Mwaka 2023 ilichelewa kufika Xbox kwa sababu skrini ya kugawana iliishinda Xbox Series S, yenye GB 10, wakati kaka yake Series X ana 16. Microsoft, wenye Xbox, walitaka mashine zote mbili ziwe na vipengele sawa. Mwishowe ikaruhusiwa kutoka bila kipengele hicho kwenye mashine ndogo, na kikaja kuongezwa 2025.

Lakini tusiitupie mashine lawama zote. Halo 5 ya 2015 iliondoa kabisa skrini ya kugawana ili ishike fremu 60. Mashabiki wakawaka, na mwaka 2017 Bonnie Ross, aliyekuwa kiongozi wa 343 Industries, studio iliyokuwa ikitengeneza Halo, akaahidi kwamba Halo za bunduki zijazo zitakuwa nayo. Halo Infinite ikatoka Desemba 2021. Upande wa mapambano ahadi ilitimia, hadi watu wanne kwenye Xbox moja. Upande wa hadithi watu waliambiwa wasubiri, mpaka Septemba 2022 studio ikatangaza kuwa imeachana na mpango huo, nguvu kazi inapelekwa kwenye maboresho ya mtandaoni. Cha kuchekesha, wachezaji waligundua njia ya kuzunguka menyu wakaifungua wenyewe, na ikacheza. Kwa hiyo "haiwezekani" halikuwa neno lake. Ilikuwepo, ila kuikamilisha na kuijaribu kwenye kila mashine, hadi Xbox One ya 2013, kulihitaji watu waliokuwa wanatakiwa kwingine. Nami nadhani hesabu ya pesa nayo imo: wanne kwenye kochi moja wananunua gemu moja, wanne mtandaoni kila mmoja ananunua yake.

Ndiyo maana siku hizi hupewi yote wala hunyimwi yote, unapimiwa. Fortnite, gemu ya bunduki ya mtandaoni, ilipoileta skrini ya kugawana Desemba 2019, ilikuwa kwa PlayStation 4 na Xbox One, wawili tu, tena kwenye michezo ya jozi na ya kikosi, na kila mtu aingie kwa akaunti yake. Gears 5 ya mwaka huohuo iliruhusu watatu kwenye hadithi.

Kwa hiyo kabla ya kununua pedi ya pili, usiishie kwenye maandishi ya "wachezaji 1–4". Mara nyingi hao wanne ni wa mtandaoni, kila mmoja kwake. Tafuta palipoandikwa idadi ya wachezaji kwenye mashine moja, kisha uangalie ni kwa hadithi, kwa mapambano, au kwa vyote viwili.