Una mtoto mdogo? Samansi bado ni yako

Haipiti wiki bila mtu kunitumia voisi, "wakili, nimeletewa samansi ya koti lakini nina mtoto wa kunyonya, si sheria inanisamehe?" Ukimbana kaitoa wapi, kaona kwenye muvi. Jamani! Hiyo ni juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kotini kuamua kesi, na ni ya Marekani. Kenya hatuna juri. Iliyokuwako enzi za ukoloni ilikuwa ya Wazungu, sisi wengine tukawekewa wazee wa baraza wa kumshauri jaji tu, nao wakafutwa 2007. Karatasi uliyoletewa hapo Likoni ni ya shahidi, ukiipuuza hakimu anaweza kutoa waranti ushikwe. Una mgonjwa wa kuuguza? Mpigie afande mwenye kesi kabla ya siku kufika, mwendesha mashtaka aombe tarehe nyingine. Basi.

Wenye jamaa Marekani ndio hunimaliza. Shangazi yako ana green card tu? Juri haimhusu, kule ni raia peke yao. Akiwa raia, kuwa na mtoto pekee hakumtoi, lazima aombe, maana akinyamaza nani atajua? Florida, mzazi asiye na kazi ya kutwa na ana mtoto chini ya miaka 6 akiomba anaachiliwa. California anayenyonyesha husogezewa mbele hadi mwaka, mlezi mwengine atasamehewa akionyesha hakuna wa kumshikia.

Sasa hili la "kina mama husamehewa" ndilo linanichoma. Mama au mlezi? Si kitu kimoja! Zamani Florida mwanamke hakuingia kwenye orodha ya juri mpaka ajiandikishe mwenyewe, na 1961 Mahakama ya Juu yao ikabariki, eti mwanamke ni wa nyumbani, na aliyeshtakiwa kwenye kesi hiyo alikuwa mwanamke, kahukumiwa na wanaume watupu. Mtindo huo ukaja kuangushwa 1975 kwa kesi ya Louisiana, kisha 1979 ya Missouri, ambayo Ruth Bader Ginsburg, wakili aliyekuja kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo, aliisimamia, ila majaji wakasema anayelea watoto kweli anaweza kuwekewa msamaha wake. Kwa hiyo baba anayelea peke yake yumo kwenye msamaha, na mama ambaye watoto wake washaoa hayumo, hata akilia.

Hapo ndipo mie mwenyewe hugawanyika. Ukiwasamehe walezi wote, kesi ya mtoto aliyeumizwa itasikizwa na wastaafu na mabachela ambao hawajakesha na mtoto mwenye homa hata siku moja. Ukiwalazimisha, mtu atakaa pale masikio kotini roho nyumbani, na koti za shirikisho za huko zinamlipa mwanajuri dola 50 kwa siku, yaya gani wa Marekani atazikubali? Uingereza angalau huwarudishia wanajuri sehemu ya gharama ya kuangaliziwa mtoto, naona hao wamekaribia.

Na mkinitumia picha ya samansi, tafadhalini namba ya kesi na tarehe zionekane. Kona ya karatasi na kikombe cha chai havinisaidii kitu.