Je, wajua? Rufaa zikiisha Kenya, bado unaweza kuomba kesi isikilizwe upya

Wengi wanajua ukishafungwa na rufaa ikatupwa basi kwisha, unabaki kuhesabu miaka ama kungoja msamaha wa rais. Kumbe kuna mlango mwingine, uko kwa katiba ya 2010, kifungu cha 50(6): unapeleka ombi Mahakama Kuu kesi ianze upya, na wafungwa wengi huandika wenyewe bila wakili.

Masharti ni mawili. Rufaa yako iwe imegonga mwamba kwa korti ya mwisho unayoruhusiwa kufika (ama muda wa kukata rufaa ulipita na hukukata), halafu uwe na ushahidi mpya na mzito.

Sasa hapo kwa "mpya" ndo watu huanguka. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya mwanajeshi Luteni Kanali Kibisu, ilisema mpya ni ule ambao haukuwepo wakati wa kesi na hata ungehangaika vipi usingeupata. Na mzito ni ule wa kuaminika, ambao ungesikika siku ile pengine hukumu ingegeuka.

Chukua jamaa amefungwa kwa wizi wa mabavu Nairobi, miaka sita baadaye analeta tiketi ya basi kuonyesha usiku ule alikuwa njiani kwenda Mombasa. Jaji atamuuliza tu, hii tiketi ilikuwa wapi? Kama ilikuwa kwa koti lako nyumbani siku zote, si mpya hiyo, wewe ndo hukuileta. Lakini kama ni vipimo vya DNA ambavyo havikuwezekana wakati huo na vinaonyesha mtu mwingine, hapo angalau watakusikiliza.

Inauma, najua, hasa kwa mtu aliyejitetea mwenyewe bila kujua alete nini. Ila bila hilo sharti kila mtu angeficha shahidi mmoja mfukoni amtoe akishindwa, na kesi hazingeisha.

Usichanganye na ile kesi ya Muruatetu ya 2017, pale wafungwa wa mauaji walirudi kortini kupunguziwa adhabu, hatia ilibaki palepale.

Na ukikubaliwa usifunge virago bado. Umepewa kesi nyingine, si uhuru, mashahidi wanaitwa tena na hapo upande wa mashtaka nao unaanza kuwatafuta, huyu alishahama, yule hakumbuki tena shati lilikuwa rangi gani.