Jibini ikiota ukungu, kukwangua juu hakutoshi

Wengi huamini ukungu wa jibini hauna neno: kwangua, kula. Hoja yao ni kwamba hata Roquefort, jibini maarufu ya Ufaransa, ina ukungu. Ni kweli, lakini ule hutiwa makusudi, aina moja iliyochaguliwa, Penicillium roqueforti. Huu uliozuka wenyewe kwenye friji huujui ni wa aina gani, na baadhi hutoa sumu ambayo hata moto wa jikoni hauiondoi kwa uhakika.

Kinachoamua ni ugumu wa jibini yenyewe. Katika jibini laini yenye majimaji, nyuzi za ukungu hupenya ndani kusikoonekana kwa macho, na bakteria huweza kuandamana nazo. Tafadhali itupe yote, hata kama doa ni dogo kama punje ya mtama. Iliyokunwa au kukatwa slesi, vivyo hivyo.

Jibini aina ya Cheddar na Parmesan ni ngumu, nyuzi hazifiki mbali. Kata angalau sentimita 2.5 kuzunguka doa na chini yake. Kisu kisiguse ukungu, maana kitausambaza kwenye sehemu safi. Kilichobaki kifunge kwa karatasi mpya, na usikinuse kipande chenye ukungu: chembe zake zikiingia puani zinaweza kukusumbua kifua.