Kujishusha kwa Mungu katika lugha ya binadamu

Katika teolojia, kujishusha ni dhana inayoeleza jambo ambalo msomaji wa Biblia hukutana nalo karibu kila ukurasa bila kulipa jina. Mungu, asiye na mwili wala mipaka, anapotaka kusema na watu huchukua maneno yao wenyewe, yale waliyoyazoea sokoni, shambani na jikoni, akayabebesha mzigo ambao hayakuumbwa kuubeba. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, alilirudia wazo hili mara nyingi katika mahubiri yake. Katika karne ya 16 John Calvin, mwanateolojia wa Matengenezo ya Kiprotestanti, alilifananisha na mlezi anayemsemesha mtoto mchanga kwa maneno ya kitoto. Mlezi huyo hajasahau kusema sawasawa, ila anamjua anayemsikiliza.

Mahali pazuri pa kuona maana yake ni sura ya 15 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Katika aya ya 11 Mungu anasema kwamba anajuta kumfanya Sauli kuwa mfalme, na katika aya ya 29 Samweli anatamka kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Kitenzi cha Kiebrania ni kilekile katika aya zote mbili. Mwandishi hakupitiwa na usingizi kati ya aya hizo; alihitaji neno la kuonyesha kwamba uovu wa Sauli haukuwa jambo dogo mbele za Mungu, na neno zito kuliko yote aliyokuwa nayo lilikuwa la majuto ya binadamu, kwa hiyo akalitumia, kisha akaliwekea mpaka ili msikilizaji asimdhanie Mungu kuwa mtu aliyekosea hesabu. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba lugha ya namna hii ni uongo mtakatifu. Neno linasema kweli kwa kadiri linavyoweza.

Waislamu, ambao kwao Kurani ni maneno ya Allah mwenyewe, hawaielezi dhana hii kwa njia ileile. Hata hivyo sura ya 14, aya ya 4, inasema kwamba kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie, na wanazuoni wao wamejadili kwa karne nyingi jinsi ya kuelewa aya zinazotaja mkono wa Allah, ilhali sura ya 42 inasema hakuna chochote kilicho mfano wake.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wake. Wingi wa Mungu ni miungu, kama mti na miti au mto na mito, lakini hakuna anayesema «Mungu umesema». Sarufi inamtoa katika ngeli ya miti na kumpa upatanisho wa watu, kwa sababu anayesema na kusikia hatuna namna nyingine ya kumtaja.

Hapa Uganda mzigo huo unaobebeshwa maneno ya watu umepita mikono mingi. Baadhi ya Waganda wa kwanza kusoma Injili waliisoma kwa Kiswahili, kabla Biblia nzima ya Kiganda haijakamilika mwaka 1896, na Kiganda kilikuwa tayari na jina Katonda, linalotokana na kitenzi cha kuumba. Kwa Waacholi, watu wa kaskazini mwa Uganda, mambo yalikuwa magumu zaidi. Okot p'Bitek, mshairi na mtaalamu wa mila aliyekuwa Mwacholi mwenyewe, alisimulia kwamba mwaka 1911 mapadri Waitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na neno la kuumba pasipo kitu, swali liliwafikia kama «nani aliyewafinyanga?», nao wakashangaa, maana mtu huzaliwa na mama yake. Waliposhurutishwa kujibu, mzee mmoja alikumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza baadaye kuota kibiongo kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na anayemfinyanga hivyo ni jok, yaani pepo, aitwaye Rubanga. Jina likaandikwa.

P'Bitek aliisimulia habari hiyo ili kuwakosoa wamisionari, na kwa maoni yangu ukosoaji wake ni wa haki, kwa kuwa waliouliza hawakushuka vya kutosha kusikia walichokuwa wakijibiwa. Mlezi wa Calvin humsikiliza mtoto kwanza. Hata hivyo jina hilo halikubaki lilipookotwa. Vizazi vya Waacholi vimelitumia katika sala, ubatizo na mazishi, na Mkristo wa Gulu anayemwomba Rubanga leo amponye mgonjwa anamwita kwa jina lililokuwa la yule aliyepinda migongo ya watu.