Kompyuta Isiyowaka Isifomatiwe Kabla ya Kutoa Mafaili

Tangu mvua zianze na umeme uwe wa kukatika na kurudi, dawati letu la TEHAMA hapa Mwanza linapokea lalamiko lilelile: kompyuta iligoma kuwaka, ikapelekwa kwa fundi, imerudi inawaka vizuri lakini haina kitu ndani. Inauma, kwa sababu mara nyingi mafaili hayo yalikuwa salama hadi dakika ile fundi alipofomati, yaani kuifuta diski na kupiga Windows upya.

Mafaili hukaa kwenye diski. Chaja ikifa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikilegea au Windows yenyewe ikivurugika, diski inaweza kuwa nzima kabisa. Mwambieni fundi hivyo kabla hajagusa kitu. Na lile neno la "tutayarudisha baadaye" msilikubali. Windows mpya ikishawekwa huandikwa juu ya data ya zamani, na kwenye SSD (diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka) sehemu zilizoachwa wazi husafishwa na diski yenyewe.

Hivi karibuni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wauza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba alituletea kompyuta mpakato, kioo cheusi tii. Alikuwa ameshaambiwa ni ya kufomati. Tulifungua skrubu za chini, tukachomoa diski, tukaiweka kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Folda ya marejesho ya mikopo ikafunguka. Mama yule hakusema neno. Alianza kuhesabu majina ya wakopaji mmoja mmoja, kidole kikiwa juu ya kioo.

Diski isipochomoka, mashine huwashwa kwa flashi yenye Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), ukichagua kujaribu bila kusakinisha, kisha mafaili yanakopiwa kwenye diski ya nje. Diski ikigonga tak-tak, zima hapohapo. Kila ukiiwasha unazidi kuikwangua. Kompyuta iliyoingia maji ya ziwa isiwashwe "kuona kama itakubali". Kuifukia kwenye mchele hakusaidii, tumelisema hili mara nyingi. Na diski iliyofungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data ya diski) inadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila ufunguo huo hatuwezi kuifungua. Hatukatai kusaidia, haiwezekani.

Kwa SACCOS, shule, zahanati na ofisi zinazotunza taarifa za watu, jambo ni zito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde, hata mashine ikiwa mezani kwa fundi. Mtu anayetoa taarifa binafsi za wengine kinyume cha sheria hukabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au taasisi, faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Wafanyabiashara nao wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.

Kwa hiyo makabidhiano yawe ya maandishi. Andikeni namba ya mashine na namba ya diski yenyewe (hii ya pili watu huiruka, na ndiyo inayothibitisha kuwa diski haikubadilishwa), jina na simu ya fundi, siku na saa, kazi mliyokubaliana, na sentensi hii: "Diski isifomatiwe bila idhini ya maandishi." Pande zote mbili zisaini, kila upande ubaki na nakala. Diski ikibadilishwa, ya zamani irudishwe kwenu, haibaki dukani. Mafundi wengi ni waaminifu na karatasi hii inawalinda wao pia.

Wanaoleta mashine kwetu waje na chaja yake, diski ya nje tupu yenye nafasi ya kutosha, na nywila ya akaunti ya Microsoft. Wanaotumwa na ofisi waje na barua ya mwajiri. Bila barua hatufungui mashine ya ofisi.