Kifua kikiwa shwari, dawa ya pumu haiachwi

Wazazi wengi hapa Moshi hudhani pampu ya pumu ni ya siku kifua kinapobana tu, kwa hiyo meseji ya kumkumbusha kijana kila jioni avute dawa wanaiona usumbufu. Wamechanganya dawa mbili. Salbutamol, ile ya kifua kinapobana, hutanua njia za hewa ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Ile ya kuzuia, yenye steroidi, ambayo ndiyo meseji huikumbusha, hutuliza uvimbe wa njia za hewa polepole. Ukiiacha, uvimbe hurudi kimyakimya, halafu baridi ya Julai humbana kijana kifua.

Meseji humfaa anayesahau. Anayeona haya kuvuta dawa mbele ya wenzake (na wapo) atazifuta tu. Huyo azungumzishwe kwanza. Bwenini simu mara nyingi haziruhusiwi, basi dawa ikae pamoja na mswaki, maana baada ya kuvuta steroidi husukutuliwa mdomo.