Kichwa kikianza kugonga Dingboche: maswali na majibu kwa anayetaka kupanda Island Peak

Island Peak, ambacho pia huitwa Imja Tse, ni kilele cha mita 6,189 katika eneo la Khumbu, Nepal, jirani na Everest. Kilipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953, na watu wa msafara wa Everest waliokuwa wakijizoeza. Kwenye vibali kimewekwa katika kundi la vilele vya matembezi, jina linalopotosha kidogo, maana mwisho wa matembezi hayo kuna barafu, kamba na hewa nyepesi.

Nilifika kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895, wala kichwa hakikuniuma. Hizo mita 294 za ziada zitanishinda kweli?

Huenda zisikushinde. Ila usihesabu mita za kilele, hesabu mahali unapolala. Kwa njia ya Marangu unatoka Kibo, mita 4,720, usiku wa manane, unagusa kilele asubuhi, na jioni hiyohiyo uko Horombo, mita 3,720. Ugonjwa wa mwinuko mara nyingi hujitokeza saa 6 hadi 24 baada ya kupanda, kwa hiyo wapo ambao hushuka kabla haujawakamata. Khumbu hakuna ujanja huo. Unalala katika vijiji vya Namche, mita 3,440, kisha kwingine njiani, kisha Dingboche, mita 4,410, kisha Chukhung, mita 4,730, halafu kambi ya chini ya mlima, karibu mita 5,100. Mwili unadaiwa kila usiku.

Na kama Kilimanjaro uliipanda mwaka jana, kilichobaki ni uzoefu tu. Mazoea ya damu na mapafu huisha ndani ya wiki chache.

Kwani oksijeni inapungua huko juu?

Kiwango chake hewani ni kilekile, asilimia 21. Kinachopungua ni msukumo wa hewa: kwenye mita 5,500 ni kama nusu ya ule wa Tanga au Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni nusu. Mwili hujibu kwa kuhema zaidi, na figo hutoa mkojo mwingi ili kurekebisha kemia ya damu. Ukiamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo kwenye baridi ile, usinung'unike. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili unazoea.

Kazi hiyo inataka siku. Ndiyo maana ukishapita mita 3,000 inashauriwa usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Ratiba yoyote inayoruka siku ya pili ya Namche au ya Dingboche kwa sababu "ninyi ni vijana wenye nguvu", ikatae. Nguvu za miguu hazikingi kitu hapa. Kijana mwenye mbio ndiye huumia kwanza.

Nitajuaje kwamba ni ugonjwa na si uchovu wa safari?

Kanuni ni moja: juu ya mita 2,500, kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo.

Picha yake huwa hivi. Jioni, ukumbi wa nyumba ya wageni, watu wamezunguka jiko linalowaka samadi iliyokaushwa ya yak, ng'ombe wa manyoya marefu wa huko. Mmoja hajagusa wali na dengu zake. Akiulizwa anasema yuko sawa, amechoka tu. Kiongozi anayejua kazi habishani naye. Anamwomba atembee juu ya mstari wa mbao za sakafu, kila kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha nyuma. Akiyumba kama mlevi, hapo si suala la kupumzika tena: ubongo umeanza kuvimba, na anashushwa usiku huohuo, si kesho asubuhi.

Hatari ya pili ni maji kwenye mapafu. Hii ni ya hila zaidi, kwa sababu inaweza kuja bila kichwa kuuma kabisa. Mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi ya bluu, na baadaye anatoa makohozi yenye povu la waridi. Tatizo ni kwamba karibu kila mtu Khumbu anakohoa kutokana na hewa kavu na baridi. Kinachotofautisha ni pumzi: ukikaa dakika kumi na bado hujarudisha pumzi, sema.

Kiongozi wangu ni Msherpa. Si ndiye atakayeniangalia?

Ataangalia, lakini haoni ndani ya fuvu lako. Washerpa, wenyeji wa Khumbu, asili yao ni Tibet, na kwa vizazi vingi miili yao imezoea: wana urithi wa jeni iitwayo EPAS1 ambayo huzuia damu kuwa nzito kupita kiasi kwenye mwinuko. Mwendo ulio mwepesi kwake unaweza kuwa mzito kwako, na hana namna ya kujua usipomwambia. Wapagazi wengi nao hutoka vilima vya chini, wanaugua kama wewe, na huficha kwa kuogopa kupoteza ujira. Wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wanalijua hilo vizuri. Waulizie hali zao pia.

Kabla ya kulipa, muulize kiongozi: amewahi kumrudisha mteja, na kwa nini? Anabeba kipima oksijeni cha kidoleni, na dawa za dharura? Mmoja akiugua, nani atashuka naye? Lazima kuwe na mtu wa pili, kwa sababu mgonjwa hashuki peke yake kamwe. Anayejibu kwamba wateja wake wote hufika kileleni, mimi ningemwacha.

Kitu kimoja kitakufurahisha. Washerpa wengi hupewa jina la siku waliyozaliwa. Pasang ni wa Ijumaa, yaani Juma wa huko. Na pole pole yetu, wao husema *bistarai, bistarai*.

Dawa je?

Asetazolamidi, inayojulikana zaidi kama Diamox, husaidia mwili kuzoea haraka. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawashawasha na soda itakosa ladha. Hiyo ni kawaida. Umwone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, una matatizo ya figo au ni mjamzito. Dawa ya maumivu kwa ajili ya kichwa inaruhusiwa, ila isiwe ruhusa ya kuendelea kupanda. Pombe na dawa za usingizi achana nazo.

Deksamethasoni kwa ubongo na nifedipini kwa mapafu ni za kununua muda wakati mgonjwa anashushwa. Hazichukui nafasi ya kushuka.

Nina chembechembe za sikoseli lakini siumwi. Nipande?

Swali hili hulipati kwenye vitabu vingi vya watalii, ila kwa watu wa Pwani na Kanda ya Ziwa ni la lazima. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, yaani sikoseli, asiende. Aliyerithi jeni moja tu wengi wao hupanda salama, lakini ukosefu wa oksijeni umewahi kuua sehemu ya wengu kwa baadhi yao. Pima kabla ya safari, mwambie kiongozi, na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto yawe sababu ya kushuka mara moja.

Nikishuka nikapata nafuu, naweza kurudi juu?

Kama ilikuwa kichwa na kichefuchefu tu, ndiyo, dalili zote zikiisha bila msaada wa dawa ya maumivu. Mara nyingi usiku mmoja au miwili chini kidogo hutosha. Ukishayumba au kujaa maji mapafuni, safari hiyo imeisha. Teremka hadi Lukla, panda ndege, na kibali cha mlima kibaki mfukoni.